Imani ya Langoni

Dar es Salaam hupungua watu kila Desemba. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa, na wenye nauli huenda kula Krismasi kwao, migombani kwa baba zao. Mtaani hubaki wasio na nauli, walinzi wa zamu, akina mama wenye wagonjwa ndani, wazee, na watoto wengi. Hao ndio ambao jumuiya yetu ndogo ya Kikristo iliamua kuwapikia. Sisi wenyewe hatukuwa na uwezo mkubwa, tulikuwa miongoni mwa waliobaki.

Tulipanga watu 120. Tukapata kilo 20 za mchele na mbuzi wawili. Sufuria kubwa tuliazima kwa majirani zetu Waislamu, zile zile zinazopika pilau ya Maulidi, na mmoja wao ndiye aliyechinja, ili nyama iliwe na mtaa mzima. Kuna mtu aliyetuahidi mchele zaidi, lakini tangu tarehe 23 hakupokea simu. Usiku wa kuamkia sikukuu tulisali pamoja, na kila aliyesimama alisema neno lile lile: tuwe na imani, Mungu atatenda. Nami nilisimama nikalisema. Kisha nikarudi nyumbani, nikakata vikaratasi 120, nikaviandika namba.

Kesho yake nilipewa kulinda lango. Ilipofika saa nane mchana vikaratasi vilikuwa vimekwisha, na nje wamesimama watoto wa mtaa wa pili, wamefuata harufu. Nilikuwa nawarudisha. Ng'ambo ya njia, kibarazani kwake, alikaa bibi mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa akitusaidia kuchambua mchele. Akaniita.

"Mwanangu, kuwa na imani."

"Imani ninayo, bibi. Kilichopungua ni wali."

Akatikisa kichwa. "Sisemi hiyo. Waonee imani hawa watoto."

Neno hilo nimekaa nalo tangu siku ile. Kila anayezungumza Kiswahili analijua, na pengine kwa sababu hiyo hatulitazami. Imani ni kusadiki, na imani ni huruma. Mtu asiye na imani, kwa lugha ya nyumbani, si lazima awe mkanamungu. Ni yule anayempiga mtoto pasipo kukoma, au mwenye nyumba anayetoa nje vyombo vya mpangaji mgonjwa usiku wa mvua. Watu husema "hana imani yule" bila kuuliza kama husali. Neno lilitoka Kiarabu pamoja na ndugu zake, kuamini, amana na amani, na huko lilikotoka limebeba habari za kusadiki na za usalama. Hapa pwani likabebeshwa pia huruma. Sidhani watu waliolitumia hivyo kwa karne nyingi walichanganya mambo. Naona waliona kitu ambacho mimi, niliyefundishwa katekisimu, sikukiona mpaka nilipoitwa kutoka kibarazani.

Maana niliyoizoea ni hii: naamini kwamba Mungu yupo, naamini kwamba hutoa riziki. Hiyo ni imani ya "kwamba". Haigharimu, hata shetani anayo. Lakini sarufi yetu ina silabi moja inayobadilisha kila kitu: namwamini. Hiyo "m" ndogo inaingiza mtu katikati ya kitenzi. Kumwamini mtu ni kuweka kitu chako mkononi mwake, amana, kisha ukaondoa mkono wako. Sasa najiuliza: usiku ule wa sala niliweka nini mkononi mwa Mungu? Nilimwachia mchele, jambo ambalo kwa vyovyote nisingeliweza. Lango nikabaki nalo mwenyewe.

Atauliza mtu: basi kuhesabu ni kukosa imani? Hapana, na hapa lazima nisimame, kwa sababu wengi wetu tumejificha nyuma ya "Mungu atatenda" ili tusikae chini na kalamu. George Müller alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Alijiwekea kanuni ya kutomwendea mtu yeyote kuomba fedha, shida zake alimweleza Mungu peke yake, na mpaka alipofariki mwaka 1898 nyumba zake zilikuwa zimelea watoto zaidi ya 10,000. Mtu huyo huyo aliandika kila senti iliyoingia na iliyotoka, akachapisha hesabu hizo watu wazisome. Daftari lake halikushindana na sala zake. Aliyepewa amana huihesabu, la sivyo ataijuaje?

Kwa hiyo namba zangu hazikuwa kosa. Bila utaratibu watoto hukanyagana, na wenye nguvu hula mara mbili. Kosa lilikuwa kazi niliyozipa. Nilipojichunguza vizuri niliona kwamba sikuogopa watoto kukosa chakula. Niliogopa aibu. Niliogopa wali uishe mbele ya macho ya watu, mtaa useme Wakristo wameita watu wakashindwa kuwalisha. Maombi yangu yote ya usiku ule, nikiyavua nguo, yalikuwa maombi ya kutoaibika. Na mtu anayeogopa kuaibika humwona mgeni kama tishio, hata mgeni mwenye miaka sita.

Hata udogo wa jumuiya yetu nikaugeuza ukuta. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo, familia chache za majirani, walitaka imani iishi mahali ambapo watu wanafahamiana kwa sura na kwa jina. Ni uamuzi ninaoupenda sana, umetulea. Lakini pale langoni nililitumia jina kama kufuli: huyu namjua, huyu simjui.

Nikafungua. Na sasa sitaki kusema uongo katika jambo la Mungu, kwa kuwa nimesikia hadithi nyingi zinazomalizika kwa sufuria isiyokwisha. Yetu ilikwisha. Tulipunguza sahani ikawa nusu, sisi wapishi hatukula, mwishoni tukakwangua ukoko tukaugawa kwa chai ya rangi. Baada ya ukoko akaja baba mmoja, amembeba mtoto begani. Nilimwambia pole, mzee, chakula kimekwisha. Akasema asante, akageuka.

Tunaposoma katika Biblia habari za mjane wa Sarepta na unga usiopungua, mara nyingi tunasahau kwamba chombo chake hakikugeuka ghala. Kila siku ilibidi achote tena, akiwa haoni cha kesho. Lakini kwa baba yule hata hilo halitoshi, na sitamtafutia sababu ya kiroho ya njaa yake. Ninachoweza kusema ni kidogo. Imani si bima. Kumtumaini Mungu siku ile hakukuwa kujua kwamba wali utatosha. Kulikuwa kukubali kusimama na sufuria tupu mbele ya mtu mwenye njaa, lango likiwa wazi, bila kumlaumu kwa kuchelewa, bila kutazama pembeni. Aibu niliyoikimbia ilinifika, na ilipofika niliona inabebeka. Kilichonilemea mpaka leo ni wale niliowarudisha kabla bibi hajaniita, wakati sufuria mbili zilikuwa bado zimejaa.

Sura zao sizikumbuki. Nilikuwa natazama mikono yao, kama ina kikaratasi.

Sufuria tulizirudisha asubuhi ya tarehe 26, zimesuguliwa kwa mchanga zikang'aa. Bibi alituletea chai kibarazani, tukanywa naye. Mwaka huu tutapika tena. Tumeanza kuchanga tangu Septemba, tumefikia kilo 30, na daftari la hesabu ninalo mimi. Langoni hatutaweka mtu.