Karatasi yenye viraka

Marehemu mama alikuwa na chandarua chenye viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe. Wageni wakija, nilikuwa naona haya. Nakumbuka chandarua kile kila nikisoma habari za Hōjō Tokiyori, aliyeshika utawala wa Japani kutoka Kamakura mwaka 1246, hata miaka 20 hajatimiza. Cheo chake kiliitwa shikken: shoguni, mkuu wa kijeshi, alikuwa na jina, shikken alikuwa na neno.

Mtawa Kenkō, aliyeandika karne iliyofuata, anasimulia kuwa siku moja Tokiyori alitarajiwa nyumbani kwa mama yake. Mama akashika kisu kidogo, akawa anakata karatasi iliyochanika kwenye milango yao ya karatasi na kubandika mpya, kipande kwa kipande. Kaka yake, Adachi Yoshikage, akataka kazi apewe mtumishi. Mama akakataa. Basi ibadilishe yote, akasema kaka. Ni rahisi zaidi, na viraka vinachukiza macho. Akajibiwa kwamba itabadilishwa, lakini baadaye. Leo imeachwa hivyo makusudi, kijana aone kuwa kitu hutengenezwa pale kilipoharibika tu.

Inaelekea kijana aliona. Kenkō huyohuyo anaeleza usiku ambao Tokiyori alimwita jamaa yake wanywe pombe ya mchele. Cha kushushia hakuna, na watumishi wamelala. Mgeni akapekua jikoni, akaibuka na kibakuli chenye miso kidogo, ile soya iliyochachushwa. Inatosha, akasema mtawala, na wakanywa wakafurahi. Nimekaa kwenye karamu za wakubwa wetu. Kwa kweli usiku ule nauonea wivu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwaka 1247 ufa ulitokea kati ya Hōjō na ukoo wenye nguvu wa Miura. Tokiyori alikuwa bado anapeleka wajumbe wa amani pale Waadachi, ukoo wa mama yake, walipoanza kushambulia. Naye akaingia vitani upande wao. Wamiura walikimbilia penye kaburi la Minamoto no Yoritomo, shoguni wa kwanza wa Kamakura, na huko watu wapatao 500, wao na wafuasi wao, wakajiua.

Hapakuwa na kisu kidogo siku ile. Ilibanduliwa karatasi nzima, kama mjomba Yoshikage alivyopenda.

Chandarua cha mama nilikitupa mwenyewe, baada ya arobaini. Nikanunua kipya.