Kadiri ya Mnunuzi wa Kamera

Swali la kadiri ni la zamani kuliko kamera. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alipotaka kueleza maana ya wastani katika maadili, alitoa mfano wa chakula cha wapiga mieleka. Ikiwa ratili kumi ni nyingi kwa mtu, na ratili mbili ni chache, haifuati kwamba mwalimu wa mieleka atampimia kila mwanafunzi ratili sita. Kwa maana sita yamkini ni haba kwa Milo, bingwa wa mchezo huo, na ni nyingi mno kwa mtu aanzaye kujifunza. Wastani wa kitu hupatikana kwa hesabu. Wastani wa mtu hupatikana kwa kumjua mtu mwenyewe. Hoja hii ina umri wa miaka zaidi ya 2,300, walakini ina kazi hata leo mbele ya kabati la kioo katika duka la kamera, ambapo kijana mwenye akiba ndogo husimama akiuliza ni ipi iliyo rahisi na inayofaa, akidhani kuwa ameuliza swali moja.

Ameuliza mawili. Urahisi ni habari ya bei, na bei huandikwa juu ya kitu. Kufaa ni habari ya maisha ya mnunuzi, na hayo hayakuandikwa popote dukani. Muuzaji aweza kulijibu la kwanza kwa pumzi moja. La pili hawezi kulijibu ila amwulize mnunuzi atapiga picha za nini, wapi, kwa nuru gani, na kwa ajili ya nani. Wauzaji wachache huuliza hivyo, na wanunuzi wachache huwa na jibu.

Kamera inayokusudiwa hapa ni ile ya kidijitali yenye lenzi moja na kioo ndani yake. Nuru huingia kwa lenzi, hupiga kioo kilichoinamishwa, hupanda juu na kugeuzwa mpaka ifike jichoni mwa mpigaji. Kidole kibonyezapo kitufe, kioo hunyanyuka, kilango hufunguka, na nuru ile ile iliyokuwa ikilifikia jicho huangukia kihisi. Kwa hiyo wakati hasa picha inapopigwa mpigaji haoni kitu. Hupofuka kwa sehemu ndogo ya sekunde ili kamera ione. Kamera ya kwanza ya jinsi hii kuuzwa madukani ilitolewa na Kodak mwaka 1991, ikiwa imejengwa juu ya mwili wa Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3, na bei yake ilikuwa kama dola 20,000 za Marekani. Mwaka 1999 Nikon D1 ilishusha bei hiyo chini ya dola 6,000. Mwaka 2003 Canon EOS 300D, yenye megapikseli 6.3, iliuzwa pamoja na lenzi yake chini ya dola 1,000, na tangu hapo kitu kilichokuwa cha mashirika ya magazeti kikawa cha mwalimu, karani na mwanafunzi. Kisha zikaja kamera zisizo na kioo, kuanzia mwaka 2008, na mwishoni mwa mwaka 2021 Canon ilisema kwamba kamera yake kubwa ya kioo iliyotolewa mwaka 2020 ndiyo itakayokuwa ya mwisho katika daraja hiyo. Matajiri wamehama. Walivyoviacha vimejaa katika soko la vitu vilivyotumika, na huko ndiko mtu wa akiba ndogo anakokwenda kutafuta kadiri yake.

Sifa ya kwanza anayoisikia huko ni idadi ya megapikseli, nayo ni sifa inayodanganya kwa kusema kweli. Picha ya megapikseli 6 ina nukta 3,072 kwa 2,048. Ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, hutoa karatasi yenye upana wa inchi 10 na kimo cha inchi 7 kasoro kidogo. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa 4,000, na kwa kipimo kile kile hutoa inchi 20 kwa 13. Hesabu imezidi mara nne. Upande wa karatasi umezidi mara mbili tu. Mtu ambaye picha zake zitabandikwa katika kitabu cha familia, au zitatazamwa katika simu, hulipia ukubwa asioutumia kamwe. Hapana uwongo uliosemwa dukani, walakini mtu ametoka na mzigo usiokuwa wake.

Lenzi ina haki zaidi katika mfuko wa mnunuzi kuliko mwili wa kamera. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo Canon iliitoa kwa mwili wa plastiki mwaka 1990, hudharauliwa kwa wepesi wake. Lakini huingiza nuru mara tisa hivi kuliko lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 ikivutwa mpaka urefu huo huo. Katika ukumbi wenye taa hafifu, tofauti hiyo ndiyo baina ya uso na kivuli. Nayo ina upungufu wake: katika kamera yenye kihisi kidogo huona eneo jembamba, na chumba kidogo humlazimisha mpigaji kurudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Tena lenzi na mwili hufungamana. Nikon D40, iliyotolewa mwaka 2006 kwa bei ya chini, haikuwa na mota ya kuendesha lenzi za zamani. Aliyeinunua kwa urahisi, kisha akanunua lenzi ya zamani kwa urahisi, alijikuta akizungusha lenzi kwa mkono huku bibi arusi akipita. Kuchagua mwili ni kuoa katika ukoo fulani. Lenzi zote zijazo zitakuwa za upande huo wa wakwe.

Wasemao kwamba chombo si kitu, jicho ndilo kila kitu, hupenda kumtaja Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Naye anastahili kutajwa. Alifungua studio yake mwaka 1948, akatumia kamera kubwa iliyopokea filamu ya sentimita 13 kwa 18, aghalabu kwa nuru ya jua uani, na kwa ajili ya gharama alimpiga mteja picha moja tu. Picha hizo leo zimo katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Lakini mfano huu huthibitisha zaidi ya wanavyotaka. Keïta hakuwa na chombo duni. Filamu ya ukubwa ule huhifadhi mambo madogo madogo ya nguo na ngozi kwa namna ambayo kamera nyingi za bei ya chini za zama hizi haziwezi kuifikia. Alichokosa ni wingi, hakukosa ubora. Aliweka fedha chache alizokuwa nazo mahali pamoja, na pengine pote akaishi kwa uangalifu. Huko si kudharau chombo, ni kukijua.

Kuna jambo la kuchukiza kidogo katika mahubiri ya kuridhika yanayotolewa na mtu mwenye mkoba umejaa lenzi. Mwenye kamera ya thamani akimwambia maskini kwamba kamera haina umuhimu, maskini ana haki ya kumwomba wabadilishane. Kinaa ni sifa njema inapochaguliwa na mwenyewe. Ikihimizwa na mwingine huwa ni njia ya kumweka mtu mahali alipo. Kwa hiyo kadiri haiwezi kuwa na maana ya kitu cha chini kabisa. Yule atakayepiga arusi usiku ndani ya nyumba anahitaji kamera inayoweza kuona gizani, na kumnunulia chini ya hapo ni kumdhulumu yeye na waliomwajiri.

Na neno hili la waliomwajiri ndilo lenye uzito. Vifaa vya kamera huhesabiwa na wengi kuwa nyongeza, vitu vya kununuliwa fedha zikibaki. Lakini mtu akivipima kwa mizani ya amana, mpango hupinduka. Mwili wa kamera ulio bora zaidi humpa heshima mwenye kamera. Betri ya akiba humlinda mwenye arusi. Nikaha haifungwi mara ya pili kwa sababu betri ya mpiga picha imekwisha. Kamera za bei ya chini karibu zote zina nafasi ya kadi moja tu, basi kadi mbili ndogo zinazobadilishwa katikati ya shughuli ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa ikiharibika moja haipotei siku nzima. Kadi za bandia zimeenea: huandikwa ukubwa zisizokuwa nao, zikijaa hufuta picha za mwanzo kimya kimya. Dawa yake ni kuijaza kadi nyumbani kabla ya kazi na kuzifungua picha zote. Flashi ya kutenganika, hata isiyo na mitambo mingi, ikielekezwa darini hurudisha nuru kwa upole, nayo husaidia mahali ambapo kanzu nyeupe zimeidanganya kamera ikazifanya nyuso kuwa nyeusi kuliko zilivyo. Stendi ya miguu mitatu iliyo hafifu haifai kununuliwa. Hutikisika kwa upepo. Ama mkoba wa ngozi, hauna la kutetea. Katika hewa ya Mombasa, Tanga na Unguja adui wa lenzi ni kuvu, na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya chembe za kukausha unyevu, hufanya kazi ambayo mkoba huo hauiwezi.

Linabaki swali la muuzaji, na hapa falsafa ina kisa kilichowekwa tayari. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anamwaza mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria mpaka Rhodes wakati wa njaa. Anajua kuwa merikebu nyingine zimo njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alishika kwamba muuzaji hudaiwa kutaja aibu ambazo sheria inamtaka azitaje, na zaidi ya hapo asidanganye. Kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alishika kwamba mnunuzi ajue kila analolijua muuzaji. Cicero mwenyewe aliamua kwamba kuficha kwa ajili ya faida hakumwelekei mtu mwema.

Kisa cha nafaka chaweza kubishaniwa, maana nafaka ile ilikuwa nzima. Kamera iliyotumika haina mlango huo wa kutokea. Kilango chake kina umri. Viwanda aghalabu hukijaribu kwa mibonyezo 100,000 katika kamera za daraja ya chini, na hesabu ya mibonyezo katika kamera nyingi yaweza kusomwa kwa programu ya kompyuta. Kuvu ndani ya lenzi huonekana kwa tochi. Muuzaji anayajua, mnunuzi mgeni hajui hata kama yapo ya kuulizwa. Sheria ya zamani ya Kiingereza ilimwambia mnunuzi ajihadhari mwenyewe, ikaja kulegezwa na sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1893. Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameijua kwa karne nyingi, humpa mnunuzi hiyari ya kurudisha kitu akikuta aibu iliyofichwa, na hivyo humtwika mzigo yule aliye na ujuzi. Katika biashara ya kamera njia hii ya pili ina haki zaidi, kwa sababu yule anayetafuta cha bei ya chini ndiye mwenye nafasi ndogo ya kulipia kosa. Tajiri akidanganywa hununua nyingine. Kijana aliyekopa katika chama cha kuweka na kukopa atalipa mkopo wa kamera iliyokufa.

Lakini mnunuzi huyo huyo, baada ya miaka miwili au mitatu, atasimama upande wa pili wa meza. Atakuwa amepata kazi kidogo, atatamani kamera ya juu zaidi, na ya zamani ataitoa kwa mwingine aliye kama yeye alivyokuwa. Hapo ataona jinsi ilivyo vyepesi kuwa mfuasi wa Diogenes. Kuna na jambo ambalo Cicero hakuweza kuliwaza. Katika kadi ya kamera mna sherehe za watu, na katika nyumba nyingi za pwani picha za shughuli za wanawake hazikukusudiwa kutoka nje ya mlango. Picha iliyofutwa haiondoki mara moja. Alama yake tu ndiyo huondolewa, na programu za kuirudisha ni rahisi kupatikana. Kadi iliyotumika, basi, haifai kuingizwa katika mapatano hata mnunuzi akiiomba kama zawadi, maana kilichomo ndani yake si mali ya muuzaji. Kamera itolewe bila ya kadi, hesabu ya mibonyezo iandikwe kwenye karatasi, na lenzi itazamwe na wote wawili mahali penye kivuli. Bei itashuka kwa kiasi cha kuvu iliyomo, na mnunuzi mpya ataiona kwa tochi ya muuzaji mwenyewe.