Taa Iliyozoeleka

Pikapu ilikuwa ya dizeli, ya mkono wa pili kutoka Japani, na mwenye nayo alikuwa mama mmoja wa Iringa aliyenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipandisha mjini. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba gari hupimwa kwenye mlima wa Kitonga. Siku moja pikapu ilianza kuchoka kwenye kona za mlima, ikifuka moshi mweusi, na hata malori yaliyosheheni yakawa yanaipigia honi yapite. Dereva, mtoto wa kaka yake, akapiga simu: "Shangazi, gari limeisha nguvu kabisa."

Fundi alifungua upande wa juu wa injini akakuta alichokitarajia. Valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, ilikuwa imejaa masizi mazito na imekwama ikiwa wazi. "Mama, huu ndio ugonjwa wa magari haya," alisema. "Hiki kifaa ni cha Wazungu na mambo yao ya hewa. Tunakiziba, unasahau." Akakata kibati kwa kufuata umbo la gasketi, akakibana kwenye njia ya moshi, akakaza nati. Saa moja haikwisha. Kesho yake pikapu ilipanda Kitonga vizuri hivi kwamba dereva akawa mpiga debe wa yule fundi.

Hadithi nyingi za gereji huishia hapo, ndiyo maana kibati kimepata sifa. Lakini tuulize nguvu ile ilitoka wapi. Injini ya dizeli ikienda taratibu huwa na hewa nyingi kuliko inavyohitaji. Kompyuta ya gari hufungua valvu, moshi kiasi ukachukua nafasi ya hewa safi. Moshi huo una oksijeni kidogo, kwa hiyo joto la mwako ndani ya silinda hushuka, na naitrojeni ya hewani haiungani sana na oksijeni kutengeneza gesi zenye sumu. Dereva akikanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta huifunga valvu yenyewe ili injini ivute hewa yote. Valvu nzima, basi, haimwibii mtu nguvu mlimani. Mwizi alikuwa valvu iliyokwama wazi, na kuisafisha kungerudisha nguvu ile ile ambayo kibati kilisifiwa kwayo.

Na masizi yalikuwa na asili yake. Moshi ukikutana kwenye manifoldi na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini, huganda kama lami; hilo hutokea polepole kwa magari ya aina hii miaka ikienda. Yakijaa haraka kuliko kawaida, lipo jambo linalozidisha moshi: chujio la hewa limeziba, bomba la turbo linavujisha, au nozeli inamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Fundi hakuuliza. Mficha maradhi, walisema wazee, na hapa mfichaji alilipwa kwa kuficha.

Hazikupita siku nyingi taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Kompyuta iliamuru valvu ifunguke, ikapima hewa inayoingia, ikaona haikupungua ilivyopaswa. Fundi akapima kwa mashine, akasoma P0401, namba ya kosa la moshi usiorudi wa kutosha, akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi tena. "Hiyo ni taa ya EGR tu, mama. Izoee."

Wakaizoea. Kwa maoni yangu neno hilo liliua injini kuliko kibati chenyewe. Taa ni moja, makosa yanayoweza kuiwasha ni mamia, na ikishazoeleka hakuna anayeuliza leo imewaka kwa sababu gani. Nozeli moja ilikuwa ikimwaga tangu mwanzo. Injini ikaanza kugonga asubuhi, dereva akasingizia baridi ya Iringa (na baridi ya Iringa husingiziwa mengi). Dizeli isiyonyunyizwa vizuri ikaendelea kuunguza kichwa cha pistoni mpaka kikatoboka. Gari lilivutwa kutoka mlimani, vitunguu vikauzwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa, na mama akaanza kutafuta pesa za injini.

Sitamtisha msomaji kwa uongo. Yapo magari yaliyozibwa EGR yanayotembea miaka na miaka, na mengine ya zamani hayawashi hata taa. Tena kuziba hupunguza moshi mweusi, hivyo mwenye gari huamini kwamba sasa limekuwa safi. Gesi zilizoongezeka ni zile asizoziona. Huchoma njia ya hewa, huwazidishia wenye pumu, na jua likizipiga huchangia kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Wanaozivuta ni wauza mahindi stendi na waendesha bodaboda waliosimama nyuma ya ekzosi.

Wakubwa nao walijaribu mchezo huu, bila kibati. Septemba 2015 Marekani iliishtaki Volkswagen hadharani kwa programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi; magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Yale ya Ulaya yalirudisha moshi inavyotakiwa wakati wa kipimo, yakapunguza yakiwa barabarani. Desemba 17, 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Ufaransa kuhusu programu ya namna hiyo, ilikataa utetezi kwamba inazuia injini kuchafuka na kuchakaa. Huo ndio utetezi wa fundi wetu, ila ulivalishwa suti.

Wewe mwenye dizeli, ukiambiwa habari ya kuziba, mwombe fundi kwanza avue valvu na manifoldi avisafishe, kisha apime nozeli, mabomba ya turbo na chujio la hewa. Na taa ikiwaka, iandike namba ya kosa kwenye karatasi yako kabla hajaifuta.