Adabu ya Mwenye Gari la Kulala Awapo Kivukoni

Mtu wa Bujonde, aliyezungukwa na mashamba ya mpunga na miti ya kakao, haoni ajabu tena kukuta barabarani gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji. Mpaka wa Kasumulu uko humu humu wilayani Kyela, na wasafiri watokao Malawi hupitia hapo. Baadhi hukata kwenda ufukweni Matema, wengine huendelea kaskazini mpaka Mwanza ili wapande pantoni kwenda Ukerewe. Nasaha hizi ni kwao, na kwa Mtanzania yeyote atakayefunga safari ya namna hiyo. Zote zinatoka kwenye jambo moja: anayesafiri kwa hiari ampishe anayesafiri kwa haja.

Sababu ni kwamba pantoni haina nafasi ya ziada. MV Nyerere, kilichokuwa kikivusha watu kati ya Bugorora, huko Ukerewe, na kisiwa cha Ukara, kilitengewa abiria 100, magari matatu na tani 25 za mizigo. Gari la kulala lililojazwa maji, gesi na vyakula hufika kwa urahisi tani tatu na nusu. Hilo peke yake ni kama sehemu moja ya saba ya uzito wote huo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko hicho kilipinduka karibu na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi yake, na zaidi ya 220 wakafariki. Siwalaumu marehemu hata kidogo. Mama anayetoka gulioni jioni, watoto wakimsubiri ng'ambo, hana pa kulaza kichwa akiachwa. Mwenye gari la kulala amekuja na kitanda chake. Akiona foleni ya watu na magunia, akae kando asubiri pantoni ya kesho. Hapotezi kitu ila saa chache za starehe.

Atasema: nimelipa nauli kama wengine, tena kubwa kuliko yao. Ni kweli, na nauli hiyo inampa haki ya kuvuka. Haimpi haki ya kutangulia. Kibaya zaidi ni noti inayopenyezwa mkononi mwa baharia wa langoni ili gari lisogezwe mbele, kwa sababu anayepokea noti leo atashindwa kesho kumkatalia yeyote, hata chombo kikiwa kimejaa. Wapo pia wanaosema usalama ni kazi ya nahodha na serikali. Ni kazi yao kwanza, nami sitaki adabu ya abiria iwe kisingizio cha uzembe wa wakubwa. Lakini nahodha aliyezungukwa na kelele za watu wenye haraka hufanya kazi ngumu maradufu. Mwenye gari kubwa ndiye anayesikilizwa upesi pale gatini, kwa hiyo ukimya na subira yake huwatuliza wengi.

Akishapanda, afunge mtungi wa gesi, akaze breki ya mkono, kisha ashuke garini hata kama kitanda kinamwita. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini katikati ya safari, na mama na binti yake waliokuwa ndani wakazama nalo. Anayeona uchungu kuiacha nyumba yake ya magurudumu kwa muda wa kuvuka tu na akumbuke hilo.

Kisiwani adabu inaendelea. Ukara ni maarufu kwa wingi wa watu na kwa kilimo kinacholisha ardhi kwa samadi. Hakuna kipande kinachoonekana kitupu ambacho hakina mwenyewe. Hoja kwamba ufukwe ni wa wote haitoshi, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wavuvi nao wana pa kuanikia dagaa. Kwa Wanyakyusa wa huku Kyela salamu hutangulia ombi, na kwa Wakara hali ni hiyo hiyo. Basi amtafute mwenyekiti wa kijiji kabla ya kutandaza viti, anunue samaki na mihogo pale pale, na maji machafu ya choo chake ayarudishe bara, kwenye shimo linalostahili.