Pofu wa Kolo na Sungura wa Amsterdam

Mchoraji Jan Weenix, aliyefariki Amsterdam mwaka 1719, alichora manyoya ya sungura aliyekufa kwa namna ambayo mtazamaji hutamani kuyapapasa. Mnyama ananing'inia kwa mguu wa nyuma, tumbo jeupe limeelekezwa kwenye mwanga, na kando yake kuna zana za uwindaji pamoja na ndege waliouawa. Picha ya namna hii tumezoea kuiita ya kihalisia: inaonyesha kitu jinsi kilivyo. Lakini sungura jinsi alivyo ni yupi? Huyu aliyefungwa kamba, au yule aliyekuwa akikata kona nyasini asubuhi ileile?

Uwanda wa kati wa Tanzania una jibu jingine, na ni la kale kuliko Amsterdam yenyewe. Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Arusha. Miamba ya eneo hilo, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ina michoro katika mapango zaidi ya 150, na mwaka 2006 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951. Wapo pofu, twiga na tembo, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya mawe yenye chuma. Hawana kivuli wala ardhi chini ya miguu yao. Mara nyingi mnyama mmoja amechorwa juu ya mwingine, na yule wa chini hakufutwa.

Wako watakaosema wachoraji wale hawakuwa wamejifunza kuchora mwanga. Mimi naona walikuwa na kazi nyingine, ile ya uwindaji. Mwindaji wa mshale wenye sumu hapati nyama pale anapopiga. Sumu huchukua muda, naye hulazimika kumfuata mnyama kwa nyayo, akisoma uchovu wake katika udongo. Kwake, kumjua pofu ni kujua anavyotembea, anapogeuka, anaposimama kusikiliza. Eric ten Raa, aliyefanya utafiti kwa Wasandawe, watu wa eneo hilo wenye asili ya uwindaji, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba uchoraji ulikuwa bado unakumbukwa miongoni mwao, na kwamba baadhi ya michoro ilihusu uwindaji na mingine tambiko. Kama mchoro ni sehemu ya uwindaji, basi hausemi "nimempata". Unamhusu mnyama ambaye bado ana miguu yake na bado anaweza kukukimbia.

Sitaki kumdhulumu Weenix. Kifo nacho ni kweli, na kila mla nyama angefaa akitazame usoni angalau mara moja. Kinachonisumbua ni nani aliyewekewa ukweli huo ukutani. Katika Uholanzi ya wakati ule, haki ya kuwinda kwa sehemu kubwa ilikuwa ya makabaila, na matajiri wa mjini walinunua picha za mawindo ambayo hawakuruhusiwa kuyawinda wenyewe. Weenix alipamba pia kasri la uwindaji la mtawala Johann Wilhelm huko Bensberg, Ujerumani. Usahihi wote ule wa unyoya na ukucha unatimiza haja ya mwenye mali: kitu kimetulia, kinahesabika, hakitaondoka. Ni uhalisia wa umiliki.

Nasi tunaufahamu vizuri. Mgeni mwenye leseni hupiga picha akiwa amepiga goti nyuma ya nyati aliyemuua, pembe zimewekwa sawa, damu imepanguswa. Mtu wa Kondoa au Chemba mwenye upinde na asiye na kibali huitwa jangili. Siombi sheria za wanyamapori zifutwe, maana wanyama wamepungua mno. Ila tusisahau kwamba jicho lililomjua mnyama kwa kumfuata ndilo lililoambiwa lisimfuate tena.

Kwa hiyo ningependa mwanafunzi wa sanaa nchini mwetu asipewe sungura wa Weenix kuwa kipimo cha uhalisia, huku pofu wa Kolo akiachiwa somo la historia. Awekewe picha zote mbili ubaoni, kisha aulizwe ni mchoraji yupi aliyemjua mnyama zaidi, na alimjua kwa kazi gani.