Sadaka ya Kusomesha Watoto Hupimwaje?

Ndugu yetu mmoja katika wahudhuriao darasa letu, mtu wa biashara na mwepesi wa kutoa, alitujia baada ya sala ya Isha akiwa na barua mkononi. Barua ile yatoka kwa jumuiya moja ya kigeni ambayo kazi yake, kama isemavyo yenyewe, ni kuwasaidia watoto wa Kiafrika wajue kusoma. Jumuiya hiyo yataka kuleta shehena ya vitabu katika skuli ya mtaa wetu, na yawaomba wenye nafasi wa hapa wachangie gharama za kuvitoa bandarini na kuvifikisha. Ndugu yetu akauliza mambo mawili. La kwanza, je, yajuzu kushirikiana na watu wasiokuwa wa dini yetu katika jambo hili? La pili, ikiwa yajuzu, atajuaje kuwa fedha yake imefika katika kheri wala haikuanguka njiani?

Katika baraza watu walilishika swali la kwanza wakalivuta huku na huku hata usiku ukawa mkubwa. La pili hapana aliyeligusa. Sisi twaona ni kinyume. La kwanza lina jibu lililo wazi, na la pili ndilo lenye taabu, nalo ndilo tulilokusudia kulieleza hapa.

Wapokezi wa sira, na miongoni mwao Ibn Saad, wameeleza ya kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra (624), mateka wa Kikureshi walikombolewa kwa mali. Walikuwamo kati yao wasiokuwa na mali ila wajua kuandika. Mtume (S.A.W.) akajaalia fidia ya kila mmoja wa hao kuwa ni kuwafundisha kuandika watoto kumi wa Madina, na yapokewa kuwa Zaid bin Thabit, ambaye baadaye alikabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani, ni katika waliojifunza kwa njia hiyo. Walimu wale walikuwa washirikina, tena maadui, juzi tu walikuwa wameshika panga. Ikiwa mtoto wa Kiansari aliweza kuketi mbele ya mtu kama huyo akajifunza herufi, hatuoni dalili ya kumzuia mtoto wa Mombasa asisome kitabu kilicholetwa na mtu wa Ulaya, maadamu kitabu chenyewe hakina la kumharibia itikadi yake.

Hatusemi kwamba hofu ya wazee wetu haikuwa na asili. Tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na misheni ya Rabai kuanza miaka miwili baadaye, kusoma kwa herufi za Kizungu kulikuja pamoja na kualikwa katika dini nyengine, na mzazi aliyemzuia mwanawe alikuwa akilinda amana. Kosa halikuwa kuogopa. Kosa lilikuwa ni kuogopa kisha kukaa kitako, bila ya kumwandalia mtoto mahali pengine pa kusoma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwapigia Waislamu kelele juu ya elimu, na wengi katika waliomsikia walimtikisia kichwa wakenda zao.

Lakini kisa cha Badri kina jambo jengine, nalo aghalabu hupitwa. Mateka yule hakuachiwa kwa kuwa amekaa na watoto siku kadha wa kadha, wala kwa kuwa amewagawia mbao kumi za kuandikia. Fidia yake ilitimia watoto walipokuwa wamejua. Kilichohesabiwa ni kile kilichomo katika kichwa cha mtoto. Mtu akikuletea barua ya kuomba sadaka ya kusomesha, kwa mizani hiyo ndiyo umpime.

Basi tuitazame barua ya ndugu yetu. Imetaja idadi ya vitabu, imetaja idadi ya skuli, imetaja na uzito wa shehena. Haikutaja popote ni watoto wangapi waliokuwa hawajui kusoma wakajua. Huenda wenyewe ni watu wa nia njema, na nia ni ya Mwenyezi Mungu kuihukumu. Ila mwenye kutoa mali yake hatoi kwa nia ya mwengine, atoa ili jambo lifanyike.

Nasi tuna sababu ya kusema haya. Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika skuli moja ya Pwani, ambayo hatutaitaja, kushuhudia kupokewa kwa vitabu kama hivyo. Palikuwa na hotuba, na picha zikapigwa, na watoto wakaimba juani. Baada ya mwaka tulipita tena kwa haja nyengine, tukaomba kuviona vitabu. Mwalimu mkuu akatafuta ufunguo, akauagiza kwa huyu na kwa yule, hata kabati likafunguliwa. Vitabu vilikuwamo vyote, vimepangwa kwa adabu, wala havikuwa na alama ya kidole. Mwalimu alisema aliogopa visipotee, kwani angeulizwa. Tukakichukua kimoja, nacho chaeleza kwa Kiingereza jinsi ya kuitunza bustani wakati wa theluji. Kingine kilikuwa cha hesabu za kodi za nchi ya watu. Tulikumbuka yale tuliyokatazwa katika Suratul Baqara, tusikikusudie kilicho kibaya katika mali zetu tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Vitabu vile vilikuwa vimetolewa kwa sababu mwenyewe alikuwa havitaki tena.

Insafu yatulazimu tuseme kwamba si wote walio hivyo, na kwamba wako waliojirekebisha. Iko jumuiya ya Kiingereza ambayo leo yaitwa Book Aid International. Aliianzisha Bibi Ranfurly mwaka 1954 huko Bahamas, ambako mumewe alikuwa gavana, kwa kuwaomba rafiki zake wampelekee vitabu, na kwa miaka mingi ilikuwa ikisafirisha vitabu vilivyokwisha kusomwa na wenyewe. Leo yapeleka vitabu vipya vitolewavyo na wachapishaji, takriban milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa yaja Afrika kupitia maktaba za nchi zenyewe, Kenya ikiwamo. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya maktaba imetengeneza pembe za watoto, ikawafundisha wakutubi namna ya kumpokea mtoto mdogo, na ikatoa fedha za kununua vitabu vya wachapishaji wa hapa hapa. Sisi twaihesabia hili la mwisho kuwa ndilo bora kuliko ile milioni. Mkutubi ajuaye kumketisha mtoto na kumsomea ana manufaa hata kwa vitabu hamsini; na mkutubi aogopaye kupoteza ufunguo hana manufaa hata kwa elfu hamsini.

Huenda msomaji akasema, hata kitabu kizuri kikifika kwa mtoto asiyekuwa nacho, kitakosaje kumfaa? Sisi pia tungesema hivyo lau si yaliyoonekana Busia. Katika miaka ya 1990 jumuiya moja ya Kiholanzi ilikuwa ikizisaidia skuli za msingi za upande ule wa magharibi ya Kenya. Wataalamu wakaombwa waipime kazi yake. Zikachukuliwa skuli 100. Mwaka 1996 skuli 25 zikapewa vitabu vya kusomea darasani, nyengine zikangoja zamu yake. Hivi havikuwa vitabu vya theluji. Vilikuwa vile vile vya mtaala wa serikali. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, ni kwamba kwa jumla watoto waliopewa vitabu hawakuwapita wenzao katika mitihani. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo. Wengine vitabu viliwashinda, kwani vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na kwa kiwango kisichokuwa chao. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Michael Kremer, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na wenziwe wawili kwa kupima mambo ya maskini kwa njia kama hiyo.

Hapa tuna funzo mbili, na moja yao ni ya sifa. Jumuiya ile ilikubali kupimwa, na matokeo yaliyokuwa kinyume na matarajio yakatangazwa ulimwengu ukayasoma. Huo ni uaminifu. Twatamani tungeuona katika jumuiya zetu sisi, ambazo hesabu yake ya mwaka husomwa kwa haraka baada ya chakula.

La pili ni kwamba upungufu wa vitabu huenda usiwe ndio ugonjwa. Kuanzia mwaka 2009 watu wa Uwezo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Uganda na Tanzania, wakimpa mtoto karatasi yenye herufi, maneno na kijihadithi cha darasa la pili, na kumwambia asome. Wamewakuta wengi wa darasa la tatu, na hata wa juu yake, wasioweza kukisoma kijihadithi hicho. Watoto hawa wako skuli kila siku, madaftari yao yamejaa, na baba zao hawana habari.

Wala tusidhani kwamba kila chenye bei ndogo ndicho chenye baraka. Kaskazini ya Uganda, katika nchi ya Walango, jumuiya iitwayo Mango Tree ilifundisha watoto wadogo kusoma kwa lugha ya mama zao, na kuwafunza walimu na kuwafuata darasani. Kazi ilipofanywa kamili, watoto waliendelea sana. Ilipofanywa nusu ili kupunguza gharama, faida ilikuwa ndogo, na katika baadhi ya mambo ya kuandika watoto walirudi nyuma wakawa chini ya wale ambao hawakuguswa kabisa. Mtoaji aulizaye tu, "Kila mtoto atagharimu shilingi ngapi?" aweza kwa swali lake hilo kununua madhara.

Ndugu zetu watatuvumilia tukiugeuza uso upande wa nyumbani. Zamani mtoto wa Pwani aliyetoka chuoni aliweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wakoloni walipohesabu wajuao kusoma, huyo kwao alikuwa hajui. Hilo lilikuwa dhuluma. Lakini leo ni nani aliyemdhulumu mtoto wetu? Twasherehekea khitma kwa maandazi na kahawa, kisha ukimfungulia mtoto huyo huyo ukurasa asioujua akakuanzia kwa kichwa alichokihifadhi, macho yake hayako kwenye maandishi. Mwalimu alipwa kwa idadi ya watoto waliohitimu, nasi twaridhika. Jumuiya ya kigeni ihesabuyo makontena na chuo kihesabucho khitma zina ugonjwa mmoja.

Tena mkono wa mgeni haudumu. Serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada mwaka 2025, kazi nyingi za kusomesha zilizolitegemea zilisimama katika nchi zetu, na walimu waliokuwa katikati ya mafunzo wakaambiwa warudi makwao.

Ama ikiwa ndugu yetu atoa katika zaka, hiyo ina mlango wake: madhehebu yetu ya Kishafi yataka imfikie fukara na wenziwe waliotajwa, iwe milki yao. Asiilipie shehena kwa zaka. Haya tuyasemayo ni katika sadaka na wakfu, ambamo ana wasaa.

Tulimjibu hivi. Asiikatae barua wala asiikubali. Aandike kuwauliza: vitabu ni vya lugha gani, na viwango gani? Ni nani aliyevichagua, na je, mwalimu wa skuli aliulizwa? Kabati litakuwa na ufunguo kwa nani? Ni nani atakayekaa na walimu mwaka mzima baada ya picha kupigwa? Na watoto watasomeshwa mtihani mdogo kabla na baada, mbele yetu, au la? Wakijibu vizuri, atoe bila ya kinyongo, wala asimsimange mtu. Wasipojibu, gharama ile ile ya bandarini yatosha kumlipa mwalimu mmoja wa jioni awaketishe watoto wa mtaa kwa Kiswahili, na hadithi fupi za bure ziko, katika hizo zile za African Storybook zilizoanzishwa Afrika ya Kusini, ambazo yeyote aweza kuzichapisha.

Ndugu yetu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtihani huo waweza kuanzwa kwa watoto wake mwenyewe. Tukamwambia waweza. Jumamosi baada ya Alasiri alikuja na wanawe watatu na karatasi moja. Mkubwa, aliye darasa la tano, alisimama katika mstari wa pili.