Siri ya Roswell na Deni la Imani

Mwaka 1947 mfugaji mmoja wa jimbo la New Mexico, huko Marekani, aliokota malishoni vipande vya mpira, karatasi za kung'aa mithili ya jaribosi, vijiti na utepe. Tarehe 8 Julai kambi ya jeshi la anga ya Roswell ikatangaza kwamba imepata kisahani kirukacho. Hazikupita saa nyingi, kauli ikageuzwa: kumbe ni puto la kupimia hali ya hewa tu.

Maelezo kamili yalikuja mwaka 1994. Ripoti ya Jeshi la Anga ilisema kuwa yamkini vipande vile vilitokana na Mradi wa Mogul, mpango wa siri wa kurusha maputo yenye vinasa sauti, ili kusikiliza angani mshindo wa mabomu ya nyuklia ya Kisovieti. Jaribio la kwanza la Wasovieti lilifanyika Agosti 1949. Zile karatasi za kung'aa ziliisaidia rada kuyafuata maputo.

Je, jeshi lilidanganya? Puto lilikuwa puto kweli. Kilichofichwa ni kazi yake. Hata kama afisa aliyejibu hakuijua siri hiyo, jeshi lililomtuma liliijua. Nakubali kuwa taifa lina haki ya kuwa na siri, hasa linapomchelea adui. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kusema nusu ni jambo jingine. Anayeninyamazia huniacha nikijua kwamba sijui. Anayenipa nusu ya kweli hunifanya nidhani najua, na siku nitakapoigundua nusu ya pili, hata ile ya kwanza nitaitilia shaka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1994: ukweli ulisemwa, na wengi wakaukataa.

Hata hivyo, mzigo huu si wa serikali peke yake. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hiyo yafaa kutuamsha, wala si kutuhukumia. Jirani akipita na kikapu kilichofunikwa, nina haki ya kusema kuwa kimebeba kitu. Sina haki ya kuapa kwamba ni nyoka. Vivyo hivyo, kujua kuwa jeshi lilificha jambo hakutuambii lilificha nini. Anayedai kuwa ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine anadaiwa ushahidi, na vilivyookotwa vilikuwa mpira, karatasi na vijiti.

Kwa hiyo naona madeni mawili. Mwenye siri anadaiwa kuifunua mara sababu yake inapokwisha, bila kungoja miaka 47 hadi watu wamekwisha kujitungia majibu. Na mwenye shaka anadaiwa kulipokea jibu la kawaida linapofika, ijapokuwa limechelewa, na ijapokuwa halina utamu wa lile alilojitungia.